Uzamivu wa jeni za saratani ya ngozi ukiwa Dodoma: shingo au unyayo?

Kila msimu wa maombi ya ufadhili ukikaribia, madaktari vijana na wahitimu wa maabara wa hapa Dodoma huuliza swali lilelile: "Nataka kufanya uzamivu kuhusu mabadiliko ya jeni kwenye saratani ya ngozi. Nianze na BRAF?" Naelewa linakotoka. BRAF ndiyo jeni iliyoipa fani hii jina. Mwaka 2002 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walionyesha kwamba imebadilika katika melanoma nyingi, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, na leo inajulikana kuwa ni karibu nusu ya melanoma za ngozi za watu weupe. Mwaka 2011 Marekani ikaidhinisha vemurafenib, dawa inayolenga badiliko hilo moja kwa moja. Habari nzuri kabisa, ila ni habari ya wagonjwa wa Sydney na Houston. Fungua rejesta ya patholojia ya hospitali yoyote ya Kanda ya Kati uone kama utawakuta.

Utakaowakuta ni wengine. Kuna mtu mwenye ualbino aliyekuja na kidonda kisichopona shingoni, sikioni au kwenye mdomo wa chini: hiyo ni saratani ya seli bapa, ambayo wodini tunaiita skwamasi. Na kuna mkulima wa makamo mwenye doa jeusi chini ya kisigino: hiyo ni melanoma ya nyayo na viganja. Mada mbili hizi ndizo zenye kushindana kweli kwa mtu anayetaka kufanya uzamivu akiwa hapa. Nyingine nazipita haraka. Saratani ya seli za msingi inaonekana pia kwa watu wenye ualbino, lakini jeni yake kuu, PTCH1, ilishafahamika tangu 1996 na swali lililobaki ni jembamba. Saratani ya Kaposi ni mambo ya virusi vya HHV-8, vilivyogunduliwa 1994. Tafuta msimamizi wa virolojia. Skwamasi inayoota juu ya kovu la moto, ambayo Mfaransa Marjolin ameachiwa jina lake tangu 1828, ni mada ninayoipenda, ila wagonjwa wake wametawanyika mno kwa mwanafunzi mmoja mwenye miaka mitatu au minne.

Basi tubaki na shingo na unyayo.

Zinavyoanza

Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, mwinuko wa zaidi ya mita 1,100. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, na mawingu yetu yanajulikana kwa ubahili. Juni na Julai ndiyo miezi ya hadaa: upepo wa baridi, watu wamevaa masweta, kofia imebaki nyumbani kwa sababu hakuna joto, na huku juu anga ni safi tupu.

DNA imeandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T. Mionzi hiyo ikiipiga, hugandamanisha herufi mbili jirani, C au T. Seli isiporekebisha kosa hilo kabla ya kujigawa, C husomwa kuwa T, na mara nyingine C mbili zilizofuatana hugeuka TT kwa pamoja. Huo ni mwandiko wa jua, na hakuna kisababishi kingine cha kawaida kinachouandika kwa wingi kiasi hicho. Mwaka 1991 ulikutwa ndani ya TP53 za wagonjwa wa skwamasi, yaani ndani ya jeni inayozuia seli iliyoharibika isizaane. Leo, anayechunguza skwamasi anajua atakutana na TP53, na jeni nyingine mbili za kuzuia saratani, NOTCH1 na CDKN2A, kabla hajafungua hata faili la kwanza.

Kwa mtu mwenye ualbino, kivuli cha melanini, yaani rangi ya ngozi, hakipo. Na hapa Tanzania ina ukurasa wake katika sayansi hii: mwaka 1995 ilichapishwa kwamba Watanzania wengi wenye ualbino wa aina ya pili wamepungukiwa kipande kilekile, chenye herufi 2,700 hivi, ndani ya jeni ya OCA2. Idadi ya watu wenye ualbino nchini hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400, kiwango kikubwa kuliko nchi nyingi. Wanafunzi huchanganya mambo hapa. OCA2 si jeni ya saratani. Inarithiwa, inaondoa kivuli, kisha jua ndilo linaloandika mabadiliko ya saratani katika jeni nyingine, miaka kwa miaka. Andiko la utafiti lisilotenganisha tabaka hizo mbili litarudishwa, na ni haki lirudishwe. Ndani yake kuna kitendawili kizuri pia: watu hawa wana seli za kutengeneza rangi, lakini melanoma kwao ni nadra. Inayowaua ni skwamasi. Kwa nini?

Unyayo ni kisa kingine kabisa. Nyayo hazioni jua, hivyo mwandiko ule wa C kwenda T haupo au ni hafifu. Badala yake kromosomu huvunjika na kuungana ovyo; vipande vyenye jeni kama CCND1, KIT na TERT hurudufiwa mara nyingi, na kipande chenye CDKN2A hufutika. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa jenomu nzima, yaani DNA yote, za melanoma 183: zile za ngozi ya kawaida zilikuwa na wastani wa mabadiliko 49 hivi kwa kila herufi milioni, na zile za nyayo na viganja chini ya 3. Ni magonjwa mawili yanayotumia jina moja.

Chanzo chake bado kinabishaniwa. Wapo wanaotaja mgandamizo na majeraha ya mguu, maana madoa hupendelea sehemu zinazobeba uzito. Kwa mtu anayeshinda shambani Bahi au Mpwapwa na katambuga miguuni, mwiba leo na kisiki kesho, hoja hiyo inavutia sana. Iweke kwenye dodoso lako. Usiiweke kwenye kichwa cha tasnifu.

Dereva na abiria

Lugha ya fani hii hugawa mabadiliko katika mafungu mawili: yanayoiendesha saratani na yanayosafiri tu. Fikiria daladala ya kwenda Chang'ombe saa kumi na mbili jioni, imejaa hadi mlangoni. Ukiambiwa umtafute dereva kwa kuhesabu vichwa, hutampata. Unatakiwa ujue nani kashika usukani.

Skwamasi ndiyo daladala hiyo. Ina mabadiliko mengi kuliko karibu saratani zote, makumi kwa kila herufi milioni, na mengi yake ni abiria. Jeni ndefu zitaonekana zimebadilika kwa sababu tu ni ndefu, na jua limepata pa kuandika. Kwa hiyo lazima utumie hesabu inayolinganisha mabadiliko yanayogeuza protini na yale yasiyoigeuza, jeni kwa jeni, huku ukizingatia mwandiko wa jua. Hesabu hiyo inataka sampuli nyingi. Jeni inayohusika kwa mgonjwa 1 kati ya 20, ukiwa na sampuli 20, unatarajia kuiona mara moja tu, na mara moja haithibitishi kitu. Ukiwa na sampuli chache, tasnifu yako itasema TP53 na NOTCH1, ambazo watu walishazisema.

Melanoma ya unyayo ina abiria wachache. Ukiona badiliko, lina uzito. Lakini usukani wenyewe mara nyingi si herufi iliyobadilika, ni kipande kizima cha kromosomu kilichorudufiwa au kuhamishwa, na hicho hukioni kwa kusoma jeni chache. Kusoma eksomu, ile asilimia 1 hadi 2 ya jenomu inayotengeneza protini, kunaitosha skwamasi kwa maswali mengi. Kwa unyayo unahitaji jenomu nzima, na bei yake ni mara kadhaa. Hata kwa skwamasi kuna kona moja eksomu haiioni: badiliko la eneo linalowasha TERT, lililogunduliwa kwenye melanoma mwaka 2013, liko nje ya sehemu ya protini. Linaweza kusomwa peke yake kwa gharama ndogo, kwa hiyo liandikie bajeti tangu mwanzo.

Bloku ndizo zitakazoamua

Nakaa hapa zaidi kwa sababu hapa ndipo uzamivu mwingi unapofia.

Ingia chumba cha patholojia asubuhi. Fundi amebana bloku ya nta iliyobeba kinyama cha mgonjwa kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba sana, anazungusha mkono, utepe mwembamba unatoka umejikunja; anaupokea kwa brashi, anautandaza juu ya maji ya uvuguvugu hadi unyooke, kisha anauokota kwa kioo. Kwa kioo cha hadubini kazi inaishia hapo. Kwa DNA ni lazima abadilishe wembe kati ya mgonjwa na mgonjwa, la sivyo umesoma watu wawili ukidhani ni mmoja. Hilo halimo katika mazoea ya maabara nyingi, na si kosa la fundi. Hakuna aliyewahi kumwambia kuna mtu atakuja kutaka DNA.

Kabla ya nta kuna fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama kisioze. Fomalini hukatakata DNA, na isiyorekebishwa asidi yake huikata zaidi. Kinyama kilichokaa humo siku moja bado kina matumaini. Kilichochukuliwa Ijumaa wilayani, kikasubiri gari, kikasafiri kwenye kopo la losheni, kikafika wiki ya pili, matumaini yake ni madogo. Halafu kuna jambo ambalo kila anayechagua shingo anapaswa kulikariri: fomalini hugeuza C, na mashine huisoma T. Badiliko lilelile la jua! Mwanafunzi asiyejua ataandika kwamba ameona athari kubwa ya mionzi, kumbe ameona athari ya chupa.

Kutofautisha kunawezekana. Jua hupenda C iliyokaa jirani na C au T nyingine, na huacha zile CC zilizogeuka TT kwa pamoja. Fomalini haifuati mpangilio huo. Alama za fomalini kwa kawaida hutokea kwenye nakala chache za DNA, na kuna kimeng'enya kinachoziondoa nyingi kabla ya kusoma. Kazi inaongezeka, lakini inafanyika. Na bloku za skwamasi zipo nyingi, jambo linalonifanya nivumilie usumbufu huo.

Unyayo una maudhi yake. Melanini hutoka pamoja na DNA na kuzuia kurudufishwa kwake. Unaona tone la kahawia ndani ya kijichupa mahali ulipotarajia maji maangavu, na unajua utalisafisha tena. Kidole kilichokatwa kina mfupa, na ili kisu kipite maabara hulainisha mfupa kwa asidi. Asidi hiyo huimaliza DNA. Ipo njia ya kemikali ya EDTA, ya polepole, inayoihifadhi DNA, lakini lazima uwe umezungumza nao kabla ya upasuaji. Na mabadiliko makubwa ya kromosomu husomeka vizuri zaidi kwenye DNA ndefu, ya kinyama kibichi kilichogandishwa. Kile kisomaji kidogo cha DNA kiitwacho MinION, kinachobebeka mfukoni, ni kizuri sana kwa kazi hiyo, ila ukikipa DNA ya bloku kuukuu haina urefu wa kukifaidisha. Maana yake unyayo unahitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, umeme wa uhakika, jenereta, na mtu atakayeamka usiku umeme ukikatika.

Jambo moja ni la pande zote mbili: chukua damu au mate ya mgonjwa yuleyule ya kulinganishia. Hifadhidata kubwa za jenomu zimejaa Wazungu. Mgogo au Mrangi ana tofauti nyingi za kurithi ambazo hazimo humo, na bila damu yake utaziita mabadiliko ya saratani. Wapo wanaobana matumizi kwa kuchukua ngozi nzima ya jirani badala ya damu. Kwa shingo, hiyo ni hatari. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba hata kope za macho zilizo nzima, zisizo na saratani, zimejaa seli zenye mabadiliko ya NOTCH1 na TP53 kutokana na jua. Ngozi ya jirani si safi. Kwa kweli, ukiigeuza hiyo kuwa swali, yaani uchunguze ngozi nzima ya mtu mwenye ualbino ili ujue mabadiliko yanaanza umri gani, umepata tasnifu bora kuliko ya uvimbe wenyewe.

Mgonjwa atakuuliza

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa hicho kinyama mnakipeleka wapi?"

Swali hilo, likitoka kwa mama wa kijana mwenye ualbino, halifanani na lilelile likitoka kwa mgonjwa mwingine. Mashambulizi ya miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, watu wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao, hayajasahaulika. Ukisema "nje ya nchi" bila maandalizi, umemaliza mazungumzo. Kwa shingo, anza na Chama cha Watu Wenye Ualbino kabla hujaandika hata fomu ya ridhaa, eleza ukubwa wa kinyama kwa kumwonyesha, eleza kitakachobaki kinateketezwa au kinahifadhiwa wapi, na usiende mikono mitupu: kliniki ya ngozi, mafuta ya kujikinga na jua, kugandisha vidonda vya mwanzo kwa naitrojeni. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kituo cha mafunzo ya ngozi kinachohudumu tangu miaka ya 1990 kinatengeneza mafuta hayo kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mtafiti anayekusanya sampuli bila kutibu atapata sampuli za mwezi mmoja tu, baada ya hapo habari zake zitakuwa zimefika vijijini kabla yake.

Na usiwafanye wanafunzi wa shule ya wasioona ya Buigiri, ambako wapo watoto wenye ualbino, kuwa njia ya mkato kwa sababu wako sehemu moja na karibu na mji. Ridhaa ya mtoto aliye bweni ni jambo zito, na kamati ya maadili itakubana ipasavyo.

Kwa unyayo, tatizo si woga wa sampuli, ni kuchelewa. Doa linadhaniwa mwiba uliovunjikia ndani. Likianza kuchimba, watu wanasema amekanyaga kitu, na miezi inapita kwa waganga. Akifika, matezi ya kinena yameshavimba. Hata Bob Marley, ambaye hakukosa daktari, aliuawa mwaka 1981, akiwa na miaka 36, na melanoma iliyoanzia kidole gumba cha mguu. Kisayansi, kuchelewa huko kunamaanisha unasoma ugonjwa uliokomaa, hujui badiliko gani lilitangulia. Kibinadamu, unaomba ridhaa kwa mtu anayesubiri kukatwa mguu. Chagua mwenyewe utaongea naye lini.

Vibali ni vilevile: kamati ya chuo, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kwa anayehusika, na mkataba wa kuhamisha sampuli kama zinavuka mpaka. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, data za jenomu nazo zitaulizwa zinakaa wapi. Panga miezi mingi na usiwalaumu watu wa ofisini.

Wapi usomee

Hapa nitakuwa mfupi. Uzamivu wa nyumbani wote, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au kwingine nchini, unakupa wagonjwa na muda wa kujenga imani nao. Wa nje wote unakupa mashine na watu wa hesabu, ila sampuli utakazochambua kuna uwezekano mkubwa zisiwe zetu. Sandwichi, yaani umesajiliwa huku, unakwenda kule miezi kadhaa kwa ajili ya usomaji na uchambuzi, ndiyo ninayoishauri, kwa sharti kwamba hesabu ujifunze wewe. Mtu anayetuma sampuli na kurudishiwa jedwali hajafanya uzamivu wa jeni. Amefanya kazi ya usafirishaji.

Ningekuwa wewe

Ningechagua shingo. Bloku zipo, swali lina mwanzo na mwisho, eksomu inatosha, na majibu yana pa kwenda hata kabla ya dawa ghali: ukijua mabadiliko yanaanza umri gani, unajua kliniki ianze kumwona mtoto lini. Upande wa dawa nako kuna mlango. Saratani yenye mabadiliko mengi huonekana zaidi na kinga ya mwili, na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha cemiplimab, dawa inayoiachia kinga hiyo ishambulie, kwa skwamasi iliyosambaa. Bei yake kwa mgonjwa wetu ni habari nyingine, lakini huwezi hata kuomba dawa hiyo ijaribiwe kwa watu wenye ualbino kama hujui saratani yao ina mabadiliko kiasi gani.

Unyayo ningemwachia mtu mwenye vitu vitatu mkononi, si ahadini: friza inayofanya kazi, daktari wa upasuaji aliyekubali kupiga simu kabla hajakata, na washirika wa hospitali za Muhimbili, Bugando au nchi jirani watakaochangia wagonjwa, maana hospitali moja haiwezi kutosheleza. Mwenye vitu hivyo aende, na aende haraka, kwa sababu jenomu za melanoma ya nyayo zilizosomwa duniani zimetoka zaidi Australia, Ulaya, Amerika na Asia Mashariki, na huyo atakuwa na kitu ambacho mwenye shingo hana: uwezekano wa kukuta jeni ambayo hakuna aliyeitarajia.

Kabla hujamwandikia msimamizi yeyote, nenda patholojia na daftari. Omba kuhesabu bloku za miaka 5 iliyopita kwa utambuzi wa ugonjwa, si kwa kubahatisha. Uliza fomalini inanunuliwa ikiwa imerekebishwa asidi au inachanganywa pale pale. Uliza bloku zinatunzwa wapi; kama ni stoo yenye paa la bati, gusa moja uone nta ikoje Novemba.